Jicho la Jua: Maisha na Kazi ya Ben Enwonwu, Msanii wa Sanamu za Shaba (1917–1994)

Utangulizi

Katika historia ya sanaa ya Afrika ya karne ya 20, jina la Ben Enwonwu wa Nijeria hutajwa mara nyingi kwa sababu ya tukio moja, yaani sanamu ya Malkia Elizabeth II wa Uingereza aliyoitengeneza mwaka 1957. Tukio hilo ni kubwa. Lakini likitajwa peke yake humpunguza mhusika, kwani humwonyesha kama Mwafrika aliyebahatika kuitwa mbele ya kiti cha enzi, basi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali lililoongoza maisha ya Enwonwu lilikuwa pana zaidi: je, msanii wa Kiafrika ni mrithi aliye hai, mwenye haki ya kuendeleza na hata kubadili alichoachiwa na wazee wake, au ni mlinzi tu wa vitu vya kale ambavyo thamani yake imekwisha kuamuliwa na wengine? Swali hilo alilijibu kwa hotuba na maandishi, lakini zaidi alilijibu kwa shaba.

1. Maneno machache juu ya shaba na ufundi wake

Kiswahili hulitumia neno shaba kwa upana. Shaba nyekundu ni metali yenyewe, ile inayochimbwa Katanga, jimbo ambalo toka 1971 hadi 1997 liliitwa Shaba. Ikichanganywa na bati, kama lile lililochimbwa Manono, hupatikana metali ngumu zaidi ambayo kamusi huiita shaba nyeusi, na ambayo wengine huiita bronzi. Ikichanganywa na zinki hupatikana shaba ya manjano. Tofauti hiyo haina budi kukumbukwa, maana kazi za kale za Benin zinazojulikana duniani kote kwa jina la bronzi ni, kwa sehemu kubwa, shaba ya manjano.

Hali kadhalika ni vema kutofautisha vitenzi vitatu ambavyo mazungumzo ya kila siku huvichanganya. Kuchonga ni kuondoa: fundi hupunguza gogo kwa tezo na patasi hadi umbo litokee. Kufinyanga ni kuongeza: udongo au nta hubandikwa kidogo kidogo. Kusubu ni kumimina metali iliyoyeyushwa ndani ya kalibu. Sanamu ya shaba haichongwi. Hufinyangwa kwanza, kisha husubiwa. Kwa njia ya nta inayoyeyuka, iliyojulikana Afrika Magharibi karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, fundi hutengeneza kiini cha udongo, hukivika tabaka la nta, na katika nta hiyo huchora kila mkunjo wa ngozi na kila ushanga. Baadaye huifunika kwa udongo mwororo, kisha kwa udongo mzito zaidi, akiacha vijia. Udongo ukichomwa, nta hutoka na kuacha nafasi tupu. Shaba iliyoyeyushwa kwa moto wa nyuzi 1000 hivi humiminwa mahali pake. Kalibu ikivunjwa, sanamu huonekana. Kosa moja la hewa au la unyevu laweza kuharibu kazi ya miezi. Kwa sababu hiyo usubuji tangu zamani ulikuwa kazi ya vyama vya mafundi, na ulihitaji mtawala au taifa la kuugharimia. Enwonwu, aliyeanza na tezo la baba yake, alizijua njia hizo zote, na alijua pia gharama ya kumtegemea mgharimiaji.

2. Urithi uliobishaniwa

Ili kuelewa uzito wa kazi yake, yafaa kukumbuka jinsi urithi wa shaba wa Nijeria ulivyopokelewa na Ulaya. Mwaka 1897 jeshi la Uingereza liliuteka mji wa Benin, likamwondoa Oba Ovonramwen na kuchukua maelfu ya vitu vya shaba na vya pembe. Vitu hivyo vilitawanywa katika majumba ya makumbusho na minada ya Ulaya. Walioviona hawakuweza kukanusha ustadi wake; walichoshindana nacho ni kukubali kwamba ustadi huo ni wa watu weusi. Mwaka 1910 mtafiti Mjerumani Leo Frobenius alifika Ife, akaona kazi za Wayoruba, akadai kwamba zilitokana na wakazi wa kale wenye asili ya Kiyunani, waliotoka katika nchi ya hadithi iitwayo Atlantis. Ilikuwa rahisi kwake kusadiki kisiwa kilichozama baharini kuliko kumsadiki fundi wa Kiyoruba.

Ardhi yenyewe ilitoa ushahidi wa kinyume. Mwaka 1938, wakati wa kuchimba msingi wa nyumba huko Ife, vilifukuliwa vichwa zaidi ya kumi vilivyofanana na nyuso za watu halisi kwa kiasi cha kustaajabisha. Karibu na wakati huohuo, huko Igbo-Ukwu, si mbali na Onitsha alikozaliwa Enwonwu, mtu mmoja aliyekuwa akichimba tangi la maji uani kwake alikutana na vyombo vya shaba. Uchimbuzi ulioanzishwa hapo na Thurstan Shaw mwaka 1959 ulionyesha kwamba Waigbo walikuwa wakisubu bronzi yenye nakshi nyembamba kama uzi tangu karne ya 9 au ya 10. Hivyo basi kijana Enwonwu alikua katika miaka ambayo historia ya usanii wa watu wake ilikuwa ikifukuliwa pole pole, huku ikibishaniwa na wageni.

3. Mtoto wa mchongaji

Odinigwe Benedict Chukwukadibia Enwonwu alizaliwa Onitsha tarehe 14 Julai 1917, yeye na pacha wake. Baba yake, Omenka, alikuwa fundi aliyepata kufanya kazi katika kampuni ya Kiingereza ya biashara ya mto Niger, na wakati huohuo alikuwa mchongaji wa mila aliyetengeneza vinyago na sanamu za ibada. Mama yake, Nweze, alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Omenka alifariki mwaka 1921, mtoto akiwa na umri wa miaka minne tu. Zana za kuchongea zilimwangukia Ben. Mtoto wa umri huo hakuweza kufundishwa na baba yake kwa muda mrefu; alichopokea ni vyuma, jina, na matarajio ya ukoo.

Mwaka 1934 aliingia shule ya serikali ya Ibadan, kisha akahamia Umuahia. Hapo alikuwa mwanafunzi wa Kenneth Murray, Mwingereza aliyefika Nijeria mwaka 1927 kufundisha sanaa. Mjadala wa siku hizo unastahili kuelezwa, kwa maana ndio uliomlea. Upande mmoja alikuwapo Aina Onabolu, mchoraji wa Lagos, aliyeshikilia kwamba Mwafrika anaweza kuchora uso wa mtu kwa kanuni za Ulaya sawa na Mzungu yeyote. Huko kulikuwa kujibu dharau kwa uwezo. Upande wa pili Murray aliogopa kwamba mafunzo ya Kizungu yangeua ufundi wa wenyeji, naye akawahimiza wanafunzi wake kutazama maisha na kazi za kijijini. Kila hoja ilikuwa na ukweli wake na hatari yake. Hoja ya Onabolu iliweza kumfanya Mwafrika awe mwigaji. Hoja ya Murray, kwa nia njema kabisa, iliweza kumfungia ndani ya mipaka iliyochorwa na mgeni, kana kwamba jambo lolote jipya akilifanya, huacha kuwa Mwafrika.

Mwaka 1937 Murray alipeleka London kazi za wanafunzi wake watano, zikaonyeshwa katika ukumbi wa Zwemmer. Enwonwu, aliyekuwa na umri wa miaka 20, alipata sifa mapema. Baada ya hapo alifundisha sanaa katika shule mbalimbali, pamoja na mjini Benin, mji ambao chama cha wasubuji wa mtaa wa Igun kilikuwa kingali kikifanya kazi ingawa mali ya mababu ilikuwa imekwisha safirishwa ng'ambo.

Mwaka 1944 alipata msaada wa masomo, akaenda Uingereza. Alisoma katika chuo cha Goldsmiths, kisha Oxford, na hatimaye katika chuo cha Slade mjini London, alikohitimu kwa daraja la juu. Hakutosheka na sanaa. Aliendelea na elimu ya anthropolojia. Uamuzi huo una maana yake. Anthropolojia ndiyo iliyokuwa elimu ya Wazungu kuhusu watu kama yeye, na ndiyo iliyovipa vinyago vya akina Omenka jina la vielelezo vya kabila. Mtoto wa mchongaji alitaka kujua lugha ambayo kwayo kazi za baba yake zilikuwa zikihukumiwa.

4. Anyanwu

Aliporudi nyumbani mwaka 1948 Enwonwu aliteuliwa kuwa mshauri wa sanaa wa serikali ya kikoloni. Cheo hicho kilimpa kazi na nafasi ya kusafiri, na pia kilimweka mahali pagumu: mtumishi wa serikali ambayo wananchi wenzake walikuwa wakidai iondoke. Kutoka katika hali hiyo ya kupingana ilizaliwa kazi yake kuu.

Sanamu ya Anyanwu aliitengeneza kati ya 1954 na 1955 kwa ajili ya jumba la makumbusho la taifa mjini Lagos, lililofunguliwa mwaka 1957. Jina hilo kwa Kiigbo lina maana ya jicho la jua, nalo ni jina la nguvu ya kimungu iliyoheshimiwa na Waigbo. Sanamu inaonyesha mwanamke mrefu, mwembamba mno, ambaye mwili wake unazidi kuwa mwembamba kuelekea chini na kujipinda unapopanda, kana kwamba anachomoza kutoka ardhini. Kichwa chake kina msuko na mapambo yanayokumbusha sanaa ya Benin, hasa vichwa vya shaba vya Idia, mama wa Oba Esigie, vya karne ya 16. Enwonwu mwenyewe aliieleza kuwa ishara ya taifa linaloinuka.

La kuzingatia ni jinsi alivyochanganya. Jina na itikadi ni vya Kiigbo. Mapambo ya kichwa ni ya Kiedo. Urefu uliovutwa na mwendo wa mwili ni wa msanii wa karne ya 20 aliyesoma London. Hakuna fundi wa Igun ambaye angesubu mwili wa namna ile, wala hakuna mwalimu wa Slade aliyemfundisha kichwa kile. Hapo ndipo jibu lake kwa Onabolu na Murray lilipopatikana: urithi si kanuni ya kurudiwa, bali ni mali ambayo mwenyewe huitumia apendavyo. Mahali pa sanamu pia palikuwa sehemu ya hoja. Jumba lile lilijengwa kutunza vitu vya kale, na Murray ndiye aliyekuwa amesimamia idara ya mambo ya kale tangu 1943. Mlangoni pa nyumba ya mababu walioaga ilisimamishwa kazi ya mwana aliye hai.

Nakala ya Anyanwu ilitolewa na serikali ya Nijeria kwa Umoja wa Mataifa mjini New York mwaka 1966. Mwaka huo haukuwa wa kuinuka kwa taifa. Mwezi wa Januari na mwezi wa Julai wanajeshi waliipindua serikali, na maelfu ya Waigbo waliuawa kaskazini mwa nchi. Mwaka uliofuata vita vya Biafra vilianza, vikaendelea hadi 1970. Hivyo Nijeria iliwakilishwa mbele ya dunia kwa sanamu yenye jina la Kiigbo, iliyotengenezwa na Mwigbo, wakati Waigbo wenyewe walipokuwa wakikimbia kurudi makwao.

5. Sanamu ya Malkia

Malkia Elizabeth II alizuru Nijeria mwanzoni mwa mwaka 1956, na Enwonwu akapewa kazi ya kumtengenezea sanamu. Malkia alikaa mbele yake mara kadhaa katika jumba la Buckingham. Sanamu iliyokamilika humwonyesha ameketi, kwa ukubwa wa mtu halisi. Ilionyeshwa London mwaka 1957, na mwaka 1959 ikawekwa kwenye jengo la bunge mjini Lagos. Kwa kawaida Enwonwu huhesabiwa kuwa Mwafrika wa kwanza kupewa kazi rasmi ya kutengeneza sanamu ya mtawala wa Ulaya.

Ili kupima maana ya jambo hilo, inatosha kulilinganisha na hali ya Kongo wakati huohuo. Mjini Léopoldville ilisimama sanamu ya shaba ya Mfalme Leopold II juu ya farasi, kazi ya Mbelgiji Thomas Vinçotte, iliyozinduliwa mwaka 1928. Mtawala alikuwa Mzungu, msanii Mzungu, na mwenyeji hakuwa na kazi nyingine ila kupita chini yake. Mjini Lagos sura ya mtawala ilipita katika jicho na vidole vya mtawaliwa. Kwa muda wa vikao vile, Malkia alitulia huku Mwigbo akimtazama, akimpima na kuamua afananeje.

Uamuzi huo ndio uliozusha manung'uniko. Baadhi ya watazamaji wa Uingereza walisema kwamba msanii amempa Malkia midomo minene na sura ya Kiafrika. Lawama hiyo inafundisha mengi. Kwa vizazi kadhaa wasanii wa Ulaya walikuwa wamewachora Waafrika kwa macho ya Ulaya bila kuulizwa. Na wakati huohuo wachoraji wa Paris walisifiwa kwa kuyavunja maumbo ya uso wa mtu baada ya kutazama vinyago vya Afrika. Haki ya kutafsiri, ambayo kwa Mzungu iliitwa ubunifu, kwa Mwafrika ilionekana kuwa kosa la mkono. Yaani alitakiwa aidha aige kwa uaminifu, au abaki na vinyago vyake.

Lawama ya upande wa pili haikukosekana. Wapo walioona kwamba msanii aliyepokea nishani ya Kiingereza na kumtukuza Malkia kwa shaba, miaka mitatu tu kabla ya uhuru, alikuwa ameitumikia dola. Lawama hiyo haiwezi kupuuzwa, kwa maana sanamu ya mtawala ni chombo cha utawala, awaye yote aliyeitengeneza. Lakini pana jambo la kuwekwa katika mizani. Mwezi wa Septemba 1956, katikati ya kipindi hichohicho, Enwonwu alihutubia mkutano wa kwanza wa waandishi na wasanii weusi huko Sorbonne, Paris, juu ya matatizo ya msanii wa Kiafrika, akionyesha jinsi hali ya siasa ya ukoloni inavyombana. Aliyemfinyanga Malkia alikuwa amekwisha kuifinyanga Anyanwu, tena amekwisha kusema hadharani hali ya mtu anayefanya kazi chini ya mamlaka ya wengine. Nijeria ilipata uhuru mwaka 1960 na kuwa jamhuri mwaka 1963.

6. Kazi baada ya uhuru

Katika Nijeria huru mgharimiaji alibadilika: badala ya dola ya kikoloni yalikuja mashirika ya umma. Mwaka 1964 Enwonwu alilitengenezea shirika la umeme, huko Lagos, sanamu ya shaba ya Sango, mungu wa radi wa Wayoruba, akiwa na shoka lake. Mwenye kumiliki radi aliwekwa mbele ya ofisi ya wenye kuuza umeme, na mpita njia wa Lagos hakuhitaji maelezo. Mwaka 1978 ilifuata sanamu ya Mpiga Ngoma kwenye jengo la shirika la simu: ngoma, chombo cha kale cha kupeleka habari mbali, ilisimama mlangoni mwa waya. Katika kazi hizo mbili Enwonwu alionyesha kwamba miungu na ala za zamani zaweza kusema juu ya maisha ya mji wa kisasa.

Hakuacha mti. Alichonga Kristo Mfufuka kwa ajili ya kanisa la chuo kikuu cha Ibadan, na kati ya 1960 na 1961 alichonga watu saba wa mti kwa ajili ya gazeti la Daily Mirror la London, wakishika magazeti yaliyofunuliwa kama mabawa. Alichora pia picha nyingi za rangi, na alikuwa karibu na Léopold Sédar Senghor na fikra za Negritude. Toka 1971 hadi 1975 alikuwa profesa wa sanaa katika chuo kikuu cha Ife, mji uleule ambao Frobenius alikuwa ameutafutia waanzilishi ng'ambo ya bahari. Huko ndiko alikoanza kumchora Adetutu Ademiluyi, binti wa ukoo wa kifalme wa Ife. Picha hiyo, Tutu, Mwigbo akimheshimu binti wa Kiyoruba miaka michache baada ya vita, ilipokelewa na wengi kama ishara ya upatanisho.

Enwonwu alifariki Lagos tarehe 5 Februari 1994.

7. Hatima ya kazi zake

Kumbukumbu ya msanii ilikuwa na njia ya ajabu. Wale watu saba wa mti walipotea machoni pa watu kwa miaka mingi, wakaonekana tena London na kuuzwa mnadani mwaka 2013. Nakala moja ya Tutu iligunduliwa katika nyumba ya kawaida mjini London, ikauzwa mwezi wa Februari 2018 kwa zaidi ya pauni milioni moja. Mwaka 2008 wanaastronomia walilipa shimo moja la sayari ya Zebaki jina la Enwonwu. Sifa hizi ni za haki, lakini hazina budi kutia wasiwasi. Kazi za Benin zilitoka Afrika kwa nguvu za bunduki mwaka 1897. Kazi za karne ya 20 zinaweza kutoka kwa nguvu ya soko, bila risasi hata moja.

Mwezi wa Desemba 2022 Ujerumani iliikabidhi Nijeria vitu 20 vya kwanza vya Benin, baada ya kukubali kurudisha umiliki wa vingi zaidi. Nchi nyingine za Afrika, Kongo ikiwa mojawapo, zinadai mali yao vilevile. Dai hilo ni la haki kabisa. Maisha ya Enwonwu yanaongeza neno moja juu yake. Taifa linalodai kazi za wafu wake huku likiwaacha wasanii wake walio hai bila karakana, bila wanunuzi wa nyumbani na bila orodha ya kazi zao, linajiandalia madai mapya ya miaka 100 ijayo. Kongo pia ilipata msubuji wake mkubwa, Alfred Liyolo wa Bolobo (1943–2019), na miji yake ina kazi za shaba ambazo wapita njia wengi hawajui zilitengenezwa na nani.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha mambo matatu. Kwanza, Enwonwu hakuchagua kati ya tezo la baba yake na elimu ya Ulaya. Alivitumia vyote viwili, akakataa kwamba matumizi ya kimoja yanamnyima haki ya kingine. Pili, sanamu ya Malkia, ambayo ndiyo iliyompa jina, yafaa isomwe pamoja na Anyanwu na hotuba ya 1956, la sivyo hueleweka nusu. Tatu, lawama alizopata kutoka pande zote mbili, kwamba ni Mwafrika mno kwa Waingereza na Mwingereza mno kwa wazalendo, hazikutokana na udhaifu wa kazi yake. Zilitokana na mahali alipolazimika kusimama, mahali ambapo wasomi na wasanii wengi wa kizazi chake walisimama pia. Yeye aliacha hapo sanamu ambayo haijaondolewa: pale Lagos, mbele ya jumba la makumbusho, mwanamke wa shaba bado anachomoza kutoka ardhini.